Shajara ya mradi: stoo ya dagaa, uzi mmoja na wateja wawili kwa mpigo

Wiki ya 1, Jumatatu

Giza limeanza (zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa), wavuvi wameingia ziwani, na shangazi ameshanipigia simu mara tatu kuuliza mashine yake imefikia wapi. Basi naanza leo, niwe tayari nisiwe tayari.

Kazi yenyewe ni hii. Shangazi na wenzake sita wana stoo moja ya dagaa wakavu pale Kibirizi, Kigoma. Wanunuzi wa Kasulu, Tabora na hata Dar es Salaam hupiga simu au hutuma meseji kuagiza magunia. Shangazi anafungua kauntabuku, anahesabu, anajibu. Dagaa wakiwa wengi simu yake haipumui. Nataka mnunuzi atume "NUNUA 5", programu iangalie stoo, ipunguze, ijibu. Hakuna zaidi.

Vifaa: laptopu yangu kuukuu ambayo betri yake ilishakufa, modemu ya USB yenye laini, Node.js (inayoendesha programu za JavaScript), na SQLite, databezi ndogo ya faili moja, ya kuhifadhia. Node nimeichagua kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Sababu ya pili niliiandika kwenye daftari langu la karatasi, nainakili hapa kama ilivyo: "Inatumia uzi mmoja. Hakuna vitu viwili vitakavyoishika stoo kwa mpigo. Sihitaji kufuli." Uzi ni mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu; kufuli ni kinga ya kumzuia wa pili asiguse kitu mpaka wa kwanza amalize.

Wiki ya 1, Alhamisi

Meseji zinaingia na zinasomwa. Ila jioni nzima imenipotea kwa sababu ya logi, yaani kumbukumbu ambayo programu inajiandikia kila hatua. Nilitarajia hatua zijipange kama nilivyoziandika, nikakuta zinarukana. Nikatengeneza faili dogo la kujaribia:

```
console.log('A');
setTimeout(() => console.log('B'), 0);
Promise.resolve().then(() => console.log('C'));
process.nextTick(() => console.log('D'));
console.log('E');
```

Ukisoma kwa macho utasema A, B, C, D, E. Kinachotoka ni A, E, D, C, B.

JavaScript ikishika kazi huimaliza mpaka mstari wa mwisho kabla ya kugusa nyingine, ndiyo maana A na E zimetangulia. Kila kilichoambiwa "baadaye" kimepelekwa foleni, na foleni si moja. `nextTick` ina ya kwake, ya mbele kabisa. Ahadi (ndivyo nitakavyoiita Promise humu, kishikizo cha jibu litakalokuja baadaye) zina ya kwao inayofuata. Taima ziko nyuma, zinasubiri mzunguko wa matukio, ule unaopitia foleni moja baada ya nyingine, uzifikie. Ile sifuri ya `setTimeout` isikudanganye: Node huigeuza kuwa milisekunde 1, na hata hiyo moja maana yake ni "si kabla ya hapo". Haijasema saa ngapi hasa.

Foleni ya ahadi ina tabia ya uchoyo: haimpishi mwingine mpaka iishe yote. Nilitengeneza ahadi inayozaa ahadi, nayo ikazaa nyingine, bila mwisho. Taima haikuitwa kabisa, ikabidi niiue programu.

Mdogo wangu aliye chuoni nikamtumia lile faili dogo, akarudisha picha: kwake C imetoka kabla ya D. Nikadhani ananitania. Kumbe faili lake linaishia na `.mjs`. Moduli za aina hiyo zinaendeshwa zenyewe ndani ya kazi ya ahadi, kwa hiyo foleni ya ahadi inamalizwa kwanza, `nextTick` ndiyo ifuate. Mistari ile ile mitano, jina la faili tu limebadilika. Nimejiwekea kwamba sitategemea ujanja wa foleni popote kwenye mradi huu. Kitu kikitakiwa kije baada ya kingine, nitakiandika kisubiri.

Wiki ya 2, Jumamosi

Leo tumeuza magunia 27 kutoka kwenye stoo yenye magunia 20.

Mnunuzi wa Kasulu aliomba 15, wa Tabora akaomba 12, meseji zao zimepishana kama sekunde mbili. Wote wawili wamejibiwa "Umepata". Gari la Kasulu likaja likapakia 15 likaondoka. Mzigo wa Tabora ulitakiwa upelekwe stesheni, shangazi kuingia stoo anakuta magunia matano. Saba akaazima kwa jirani, kwa maneno matamu na ahadi ya kuyarudisha kabla giza halijaisha.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni namba iliyobaki kwenye mashine. Ingekuwa hasi saba ningeelewa. Mashine ilikuwa imeandika 8, kwa utulivu kabisa, kama vile hakuna kilichotokea.

Shangazi hakufoka, na afadhali angefoka. Alikaa juu ya gunia akaniuliza: "Mwanangu, mimi nikiwa naandika kwenye kauntabuku, simu ikilia naiacha ilie mpaka nimalize mstari. Hii mashine yako inaacha daftari wazi inakwenda kupokea simu?"

Nikamjibu hapana.

Wiki ya 2, Jumapili

Jibu sahihi lilikuwa ndiyo.

Hiki hapa kipande chenyewe, sijakipunguza:

```
async function uza(mteja, idadi) {
  const stoo = await somaStoo();
  if (stoo < idadi) return jibu(mteja, 'Hayatoshi');
  await jibu(mteja, 'Umepata magunia ' + idadi);
  await andikaStoo(stoo - idadi);
}
```

Nimeisoma mara nyingi usiku nikiona mistari minne inayofuatana vizuri. Ndivyo `await` inavyokulaghai, maana tangu iingie rasmi kwenye lugha mwaka 2017 imefanya msimbo wa kusubirisubiri uonekane kama wa moja kwa moja. Kumbe kila penye neno hilo funksheni inauachia uzi. Inasema: mimi nasubiri hapa, mwenye kazi nyingine aendelee.

Aliyekuwa na kazi nyingine alikuwa mnunuzi wa Tabora. Wa Kasulu alisoma 20, akaridhika, akaanza kutumiwa jibu. Modemu yangu huchukua sekunde kadhaa kutuma meseji moja. Ndani ya sekunde hizo meseji ya Tabora ikaingia, ikasoma stoo, ikakuta 20 ile ile kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameandika, ikaridhika nayo. Kisha Kasulu akaandika 20 kutoa 15, yaani 5. Halafu Tabora, ambaye mkononi bado ana 20 yake ya zamani, akaandika 20 kutoa 12. Nane. Ameyafuta mauzo ya mwenzake bila kujua kwamba yupo.

Nyumbani kwangu Mwanga, nilikokuwa nikijaribia, kosa hili halikutokea hata mara moja, kwa sababu mbili za aibu. Modemu yangu ya majaribio ilikuwa funksheni ya uongo inayojibu papo hapo, na mteja wa majaribio alikuwa mimi peke yangu, nikituma moja, nasubiri jibu, natuma ya pili.

Nani hajawahi kupanda treni kwenda Tabora? Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ni njia moja. Ukiwa kati ya stesheni mbili njia ni yako, hakuna treni itakayokutokea mbele. Ukifika stesheni mnapishana: unasimama, unanunua maembe dirishani, treni nyingine inapita, ndipo mnaondoka. Uzi mmoja ni reli hiyo. Nilikuwa sahihi kwamba treni mbili hazitapanda reli kwa mpigo. Nilichosahau ni kwamba kila `await` ni stesheni, na mimi nilijenga tatu kati ya kusoma stoo na kuiandika. Abiria akishuka kununua maembe hawezi kurudi akidhani behewa liko kama alivyoliacha.

Lile neno la "sihitaji kufuli" nimelikata kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya 3, Jumanne

Mbalamwezi imeanza kukolea, wavuvi wengi wamepumzika, stoo imetulia. Ndiyo nafasi yangu ya kurekebisha.

Kwanza nimejenga upya majaribio. Modemu ya uongo sasa inachelewa kwa muda wa kubahatisha, na wateja 50 wanaagiza gunia mojamoja kwa pamoja kwenye stoo yenye 20. Kwa msimbo wa zamani wote 50 wamepata, na stoo inasema 19! Nimecheka peke yangu. Kila mmoja alisoma 20, kila mmoja akaandika 19, na kila mmoja kwa hesabu zake mwenyewe hajakosea.

Dawa ya kwanza niliyoifikiria ni kibendera. Mtu akiingia kwenye `uza` anaweka `imeshikwa = true`, akitoka anaishusha. Atakayekuta imepandishwa asubiri:

```
while (imeshikwa) {}
```

Feni ya laptopu ikaanza kuunguruma kama genereta. Hakuna meseji iliyoingia wala kutoka, logi ikasimama. Nilidhani modemu imekufa, nikaichomoa na kuichomeka mara mbili kabla sijaelewa nilichofanya. Aliyeshika kibendera yuko stesheni anasubiri jibu la modemu. Jibu likifika linakaa foleni lisubiri uzi uwe huru. Uzi hauwi huru kwa sababu mteja wa pili anazunguka palepale akiuliza "bado? bado? bado?". Anamsubiri mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemzibia njia.

Kwenye lugha yenye nyuzi nyingi ujanja huu ni mbaya lakini huweza kupita, maana mwenye bendera anaendelea na uzi wake pembeni. Huku hakuna pembeni.

Wiki ya 3, Jumatano

Kufuli ya kweli ya uzi mmoja ni foleni. Mistari michache tu:

```
let mkia = Promise.resolve();
function kwaZamu(kazi) {
  const zamu = mkia.then(kazi);
  mkia = zamu.catch(() => {});
  return zamu;
}
```

Kila anayekuja anajishikiza kwenye mkia wa aliyetangulia, naye anakuwa mkia mpya. Hakuna anayezunguka wala anayeuliza. Majaribio ya 50: 20 wamepata, 30 wamekataliwa, stoo 0.

Ile `catch` haikuwepo mwanzoni. Nikaondoa antena ya modemu makusudi katikati ya majaribio, kutuma kukashindikana, ahadi hiyo ikavunjika, na wote walioshikizwa nyuma yake wakaanguka naye bila kazi zao kuguswa. Mmoja akiteleza foleni nzima inakatika. Sasa mkia unameza kosa ili wa nyuma aendelee, na mwenye kosa bado analipata kupitia `zamu`.

Wiki ya 3, Ijumaa

Sijaridhika na foleni. Ni sahihi, ila ni pole. Kila mteja anasubiri meseji ya aliye mbele yake itumwe hadi mwisho, na shangazi akiwa na wateja kumi na wawili asubuhi, wa mwisho atajibiwa akiwa ameshapiga simu kwa stoo nyingine. Ubaya ni kwamba nimeifungia meseji ndani ya kufuli wakati kinachohitaji ulinzi ni namba peke yake.

Nikarudi kwenye jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingekuwa najifanya mjuaji. Kusoma, kupima na kupunguza vyote viwe sentensi moja ya databezi:

```
UPDATE stoo SET magunia = magunia - ? WHERE magunia >= ?
```

SQLite inaitekeleza yote au haitekelezi kabisa. Ikisema imebadilisha mstari mmoja, mteja amepata. Ikisema sifuri, hayatoshi. Sina tena 20 ya zamani ninayotembea nayo mfukoni. `await` bado ipo, lakini iko mwisho wa safari, hakuna stesheni njiani. Meseji inatumwa baadaye, kwa nafasi yake, hata ikichelewa.

Swali likazaliwa hapo: mtu akishapunguziwa magunia na meseji ikashindwa kutoka? Kwa hiyo kwenye muamala uleule naandika pia mstari kwenye jedwali la meseji zisizotumwa, na kazi nyingine inapita kila baada ya sekunde chache kuzitoa. Umeme ukikatika katikati (na unakatika) zinabaki zikisubiri.

`kwaZamu` haijatupwa. Nimeihamishia kwa modemu, maana nayo ilikuwa ikichanganyikiwa inapopewa meseji mbili kwa pamoja.

Wiki ya 4, Jumatatu

Fupi. Ripoti ya jioni ilikuwa inaandika "Jumla: 0" kila siku. Nilitumia `forEach` yenye `async` ndani. `forEach` haimsubiri mtu. Inawatuma wote, inarudi, jumla inaandikwa kabla hata mmoja hajarudi na hesabu. Nimeweka `for...of` yenye `await`, inayomsubiri kila mmoja, imekwisha.

Wiki ya 4, Alhamisi

Hii nayo ni ya kuchekesha, ila kwa wadaiwa wa shangazi haikuchekesha.

Baadhi ya wateja wa siku nyingi hukopeshwa kwa siku 30. Shangazi akaomba mashine iwakumbushe. Nikapiga hesabu: siku 30 ni milisekunde 2,592,000,000, nikaziweka kwenye `setTimeout`. Leo asubuhi mama mmoja amechukua magunia mawili kwa mkopo, na kabla hajavuka mlango simu yake imelia: "Deni lako limetimiza siku 30. Tafadhali lipa." Akarudi amekunja uso. Anataka kujua tangu lini stoo hii imeanza kuwadhihaki watu.

Taima hizi huhifadhi muda kwenye namba ya biti 32, na kikomo chake ni 2,147,483,647, kama siku 24 na saa 20. Ukizidisha hapo, Node inaurudisha muda kuwa milisekunde 1. Onyo lilikuwa limeandikwa kwenye logi ambayo sikuisoma. Hata hivyo kosa langu la msingi ni kuamini taima kwa jambo la mwezi mzima kwenye laptopu isiyo na betri: umeme ukienda tu, taima zote zinasahaulika. Sasa tarehe ya kulipa iko kwenye databezi, na programu inaikagua kila asubuhi.

Shangazi amemtuliza mama yule kwa kibaba cha dagaa na maelezo kwamba "mtoto bado anaifundisha".

Wiki ya 5, Jumanne

Giza limerudi. Usiku kucha mialo inafanya kazi na asubuhi mchanga wa Kibirizi umefunikwa dagaa. Magunia 11 yameuzwa kabla ya saa nne, hesabu ya mashine na ya kauntabuku (bado analiweka, na simlaumu) zinalingana.

Dosari moja. Kila saa sita mchana nakili ya databezi inabanwa na kuhifadhiwa, na kwa wakati huo meseji zilikuwa zinakwama. Nilikuwa natumia `gzipSync`, ambayo inaushika uzi wenyewe mpaka imalize. Nikabadilisha kwenda `gzip` ya kawaida na kukwama kukaisha, kwa sababu kazi hiyo hupelekwa kwenye nyuzi za libuv (maktaba iliyo chini ya Node), ambazo kwa kawaida ni 4. Kwa hiyo "uzi mmoja" ni ukweli nusu. Msimbo wangu mimi una uzi mmoja. Chini yake kuna vibarua wanne nisiowaona, na wakimaliza huleta matokeo mlangoni yakae foleni kama mgeni mwingine yeyote.

Mdogo wangu yuko likizo, ameandika programu yake ndogo ya kupokea magunia yanayoingia kutoka kwa wanikaji. Inaendeshwa pembeni kwenye laptopu hiyohiyo, faili moja la SQLite. "Kaka, ile kwaZamu yako itanilinda na mimi?" Haitamlinda. Ule mkia uko ndani ya programu yangu tu, ya kwake haijui hata kama upo. Ile `UPDATE` ndiyo inayotulinda sote, maana SQLite inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Tumeongeza muda wa kusubiri ili anayekuta mwenzake anaandika asikate tamaa mara moja.

Wiki ya 5, Ijumaa

Shangazi ameamua kuijaribu mwenyewe, kwa njia yake. Stoo imebaki gunia moja. Amechukua simu yake mkono wa kushoto, ya binti yake mkono wa kulia, zote zimeandikwa "NUNUA 1", wenzake wamesimama wanaangalia. Akazibonyeza kwa pamoja.

Tumesubiri. Ya kushoto ikalia: umepata. Ya kulia ikalia: hayatoshi. Kwenye mashine, 0.

Wenzake wakapiga vigelegele. Yeye akazitazama zile simu mbili, akaniuliza kwa nini ya kulia ndiyo iliyokosa, wakati anajua kabisa kidole cha kulia ndicho kilichotangulia. Nikamwambia kwamba mashine inamhudumia aliyeifikia kwanza, si aliyebonyeza kwanza, na njiani kuna mtandao.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuwahi akakosa?"

"Ndiyo, shangazi."

Ameniagiza nitafute modemu yenye antena kubwa zaidi.